SELOUS: MZEE WA RISASI ALIYELALA NYUMA YA MILIMA YA ULUGURU

Leo tuzungumzie jina ambalo wengi wetu tulikutana nalo kwenye ramani ya darasani au kwenye kalenda yenye picha ya tembo: Selous. Wapo wanaodhani ni jina la mto, wengine wanadhani ni la kabila. Kumbe ni mtu, tena kaburi lake liko huku huku kwetu. Ukitoka Morogoro mjini, ukazunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, ukapita Matombo na Mvuha mpaka Kisaki, halafu ukaingia hifadhini, kuna mahali panaitwa Beho Beho. Mzee amelala pale tangu Januari 4, 1917.

Jina lake kamili ni Frederick Courteney Selous, na linatamkwa Selu. Alizaliwa London Desemba 31, 1851, kwenye familia yenye uwezo wake. Utotoni alikuwa mtundu, kazi yake kupanda miti kutafuta mayai ya ndege. Januari 1867, akiwa na miaka 15, alikuwa kwenye barafu ya ziwa la Regent's Park pamoja na mamia ya watu, barafu ikapasuka. Watu 40 walikufa. Yeye alijikokota kwa tumbo kutoka kipande hadi kipande mpaka nchi kavu.

Septemba 1871 akatua Algoa Bay, kusini mwa Afrika, na pauni 400 mfukoni. Alikuwa na miaka 19 tu. Mwaka uliofuata akafika Bulawayo kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona mtoto, akacheka, akamruhusu. Baadaye kicheko kiliisha.

Sasa tuje kwenye bunduki. Dogo hakuwa na silaha za kisasa. Alitumia magobore mazito ya kushindilia mdomoni, ya bei rahisi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga bata. Mtutu ulikuwa laini ndani, hauna mifereji. Kila goroli ya risasi ilikuwa na uzito wa kama gramu 113, na baruti yake hadi gramu 35 kwa mlio mmoja. Baruti aliibeba kwenye mfuko wa ngozi kiunoni, na pilikapilika zikianza alikuwa anachota kwa mkono tu.

Hapa wadau tukumbushane kitu. Kiswahili chetu kimeweka wazi jambo hili siku nyingi: risasi kwanza ni madini, ndipo ikawa kile kinachotoka kwenye bunduki. Madini ya risasi yanayeyuka kwenye nyuzi joto 327, kwa hiyo moto wa kuni unatosha. Mwindaji wa zamani aliyeyusha kwenye sufuria ya chuma, akamimina kwenye kalibu, ikipoa ana goroli. Kazi ilikuwa kuifanya iende inakoelekezwa. Kapovu kadogo ka hewa kakibaki ndani, goroli inaelemea upande mmoja na hewani inapepesuka. Ikiwa ndogo kuliko mtutu, inagongagonga ikitoka. Ikiwa laini mno, inabondeka kwenye fuvu la tembo kabla haijafika mbali, ndiyo maana wawindaji walichanganya na bati kidogo ili igumu.

Hata ukifanya yote hayo, mtutu laini ni mtutu laini. Ukiwa mbali, unabahatisha. Selous mwenyewe hakujiona mlenga shabaha wa ajabu. Dawa yake ilikuwa moja: kusogea. Penye mbung'o farasi hafai, basi alikimbia kwa miguu nyuma ya tembo juani, mpaka akawa karibu kiasi cha kutokosea. Kwa magobore hayo aliua tembo 78 kati ya 1872 na 1874.

Lakini zilimlipa na yeye. Siku moja bunduki ilikataa kulia, msaidizi wake akajaza tena baruti na goroli juu ya ile ya kwanza bila kujua. Ilipolia ilimnyanyua juu ikambwaga chini, kitako kikavunjika, shavu likapasuka. Teke la magobore yale lilimharibia mishipa, akawa anashtuka kabla ya kufyatua. Baadaye alisema wazi kwamba anajuta kuyatumia.

Miaka ya 1880 akabadilisha. Alichukua raifo ya George Gibbs wa Bristol, yenye mifereji ya Metford ndani ya mtutu. Mifereji ile inaizungusha risasi kama pia, na kitu kinachozunguka hakipepesuki. Risasi zake zilikuwa ndefu, za madini yaliyogumishwa, na zilizungushiwa karatasi ili zisisuguane na mtutu na kuuchafua. Hapo mtu angeweza kupiga mbali na kupata.

Lakini tembo walikuwa wanaisha. Kabla miaka kumi haijapita tangu afike, sehemu kubwa ya nchi ya Lobengula ilikuwa haina tembo wa kuwinda, kwa kazi ya wawindaji wengi, yeye mmojawapo. Mwaka 1890 akaongoza njia ya msafara wa walowezi wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona. Ndipo nchi ikaondoka mikononi mwa wenyewe. Hili tusilifiche, maana vitabu vingi vinamsifu tu.

Vita Kuu ilipoanza 1914 alikuwa na miaka 62. Waliona ni mzee, akang'ang'ania mpaka wakamchukua. Mei 1915 akafika Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, Juni akawa kwenye shambulio la Bukoba. Agosti 26, 1916 majeshi ya Smuts yakaingia Morogoro. Lettow-Vorbeck na askari wake walishaondoka, wakazunguka Uluguru pande zote mbili kuelekea Kisaki. Nyuma ya kila jeshi walikuwepo maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba mizigo kwenye mvua na malaria, wengi wakafa bila jiwe la kaburi.

Askari wengi wa upande wa Mjerumani walianza vita hiyo na bunduki za mfano wa 1871, za risasi na baruti ya moshi, ndugu na zile alizokulia Selous. Januari 1917 Waingereza wakavuka Mto Mgeta kwenda kusini. Tarehe 4, pale Beho Beho, mzee alikuwa mbele ya watu wake anawatafuta adui kwa darubini. Risasi ya askari ikampata kichwani. Alikuwa na miaka 65. Aliyempiga alifanya vile vile alivyofanya Selous maisha yake yote: alitulia, akasubiri, akalenga. Mwaka mmoja baadaye, Januari 4, 1918, mwanawe Freddie aliyekuwa rubani naye akauawa vitani Ulaya.

Mwaka 1922 Waingereza wakalipa jina lake pori ambalo wenyeji waliliita Shamba la Bibi. Mwaka 1976 pori hilo na maeneo yake lilihesabiwa kuwa na tembo kama 109,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Ujangili si mchezo, wadau. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la Selous sasa liko humo. Sehemu iliyobaki bado inaitwa Selous.

Kwa hiyo ukipita Kisaki na treni ya TAZARA, ukichungulia dirishani ujue mambo mawili. Kwanza, mzee alijua kulenga kwa sababu alijua kusogea na kusubiri. Pili, aliishi muda wa kutosha kuona kwamba risasi zikipata kila siku, siku moja hakuna kitu cha kulenga. Huyo ndiyo Selous. Je, jina lake libaki kwenye ile sehemu iliyobaki, au nalo libadilishwe? Mimi nimewasilisha, uwanja ni wenu hapo chini. Matusi hapana.