Frank Church, seneta wa Marekani aliyefunua njama ya kumuua Lumumba

Wakongomani wengi wanajua kwamba Patrice Emery Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Wachache ndio wanaojua jina la mtu aliyelilazimisha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kueleza lilichokuwa limepanga dhidi yake miezi michache kabla. Mtu huyo ni Frank Church, seneta wa jimbo la Idaho.

Church alizaliwa Boise mwaka 1924. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumika upande wa upelelezi wa jeshi huko Asia. Aliporudi alimuoa Bethine Clark, binti wa gavana wa zamani wa Idaho. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi wa sheria, alipatikana na kansa, na waganga wakamwambia amebakiza miezi michache tu ya kuishi. Matibabu ya mionzi yakamponyesha. Mwaka 1956, akiwa na miaka 32, alichaguliwa seneta kwa chama cha Democratic.

Idaho ni jimbo la wakulima na wawindaji, na lilikuwa linaelekea chama cha Republican. Church alitetea haki za Weusi na ulinzi wa misitu, lakini alipinga sheria za kubana umiliki wa bunduki. Bila msimamo huo wa bunduki, si rahisi kuamini kwamba angerudishwa Seneti mara tatu. Kuhusu Vietnam, mwaka 1964 alipiga kura ya kumpa Rais Johnson ruhusa ya kutumia nguvu, kisha akageuka kuwa mpinzani mkubwa wa vita hivyo. Mwaka 1970, pamoja na John Sherman Cooper wa Republican, aliongoza juhudi za kuzuia pesa za serikali kupeleka askari Cambodia.

Kazi iliyolifikisha jina lake mpaka kwetu ilianza mwaka 1975, Seneti ilipomkabidhi uongozi wa kamati ya kuchunguza mashirika ya ujasusi. Mwezi wa kumi na moja, kamati ilitoa ripoti juu ya njama za kuua viongozi wa nje, Lumumba na Fidel Castro wakiwa kati yao. Ikulu ya Rais Ford ilitaka ripoti hiyo ibaki siri. Church alikataa.

Ripoti ilieleza kwamba mwezi wa tisa 1960, Lumumba akiwa tayari amefutwa kazi na Rais Kasa-Vubu, mwanasayansi wa CIA alifika Léopoldville na sumu. Ilipangwa kuwekwa katika chakula au kitu chochote ambacho Lumumba angetia mdomoni. Sumu haikutumika, na mkuu wa CIA mjini humo alisema iliishia mtoni Kongo. Kamati iliona kuna sababu ya kuamini kwamba njama hiyo ilikuwa na baraka za Rais Eisenhower, lakini haikupata ushahidi kwamba Wamarekani walishiriki katika mauaji yenyewe ya Katanga. Upande wa Wabelgiji ulisubiri uchunguzi wa bunge lao, uliomalizika mwaka 2001.

Mwaka 1976 Ford alipiga marufuku watumishi wa serikali kushiriki mauaji ya kisiasa. Mwaka huohuo Church aligombea urais. Alichelewa kuingia, akashinda majimbo manne katika mchujo wa chama, kisha akamwachia Jimmy Carter nafasi. Wapinzani wake walidai alitumia kamati kujitangaza. Hata kama alipenda kamera, ripoti ilisimama juu ya hati na ushahidi wa wahusika wenyewe.

Mwaka 1980, akiwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alipoteza kiti kwa Steve Symms kwa tofauti ya chini ya asilimia moja ya kura. Kansa ilirudi kwa sura nyingine, safari hii kwenye kongosho, na akafariki tarehe 7 mwezi wa nne 1984, akiwa na miaka 59. Wiki chache kabla, pori kubwa la hifadhi katikati ya Idaho, ambalo alipigania lilindwe, lilikuwa limepewa jina lake.