Guru Dutt: Muvi Moja Ilimfanya Aache Kudairekti, Leo Kazi Zake Zimerudi Kwa Skrini Kubwa

Skia, ukisema Hindi hapa Lamu, watu wanafikiria ule mji wa bara ukishavuka Mokowe. Leo siyo hiyo. Leo tuko na Wahindi wa muvi, na ni msee mmoja tu: Guru Dutt.

Kama humjui, hakuna noma. DJ Afro ametuzoesha Wahindi wa kupaa hewani, watu kumi wanalala na ngumi moja. Guru Dutt hakuwa wa hizo. Lakini Pwani yetu imekula muvi za Kihindi miaka na miaka. Juma Bhalo, yule gwiji wa taarab wa kutoka Malindi, alijulikana kwa kuchukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi na kuyavalisha maneno ya Kiswahili. Kwa hivyo hata kama hujawahi kukaa chini ucheki muvi ya Guru Dutt, masikio yako yanaijua hiyo dunia.

Sasa mbona tunamwongelea? Kwa sababu mwaka wa 2025 ametimiza miaka 100 tangu azaliwe, na Agosti muvi zake kadhaa zilirudi kwa majumba ya sinema India zikiwa zimesafishwa upya. Mojawapo ni Aar Paar ya 1954, stori ya dereva wa taksi, genge na wizi wa benki. Imagine: watu walilipa tiketi, wakaketi gizani, wakaangalia muvi isiyo na rangi yenye miaka 71.

Mwenyewe hakuiona hiyo siku. Alikufa 1964 akiwa na miaka 39, miaka mitano baada ya muvi yake kuanguka vibaya mpaka hakuweka tena jina lake kama dairekta.

Hebu tuanze mwanzo.

KIJANA BILA DIGRII

Alizaliwa Bangalore tarehe 9 Julai 1925. Jina la kwanza lilikuwa Vasanth Kumar Padukone. Alipata ajali akiwa mtoto, familia ikaona hilo jina lina mkosi, wakambadilisha akawa Guru Dutt. Alikulia Calcutta, na nyumbani doo haikuwa ya kutosha. Chuo hakuenda. Kama wewe pia uliachia masomo njiani juu ya fee, huyu ni mtu wako.

Kitu alichopenda ni kucheza densi. Mwaka wa 1942 akaingia shule ya Uday Shankar, mcheza densi mkubwa wa wakati huo, huko Almora milimani. Hiyo shule baadaye ilifungwa. Akapata kazi ya opereta wa simu kwenye kiwanda cha Lever Brothers, Calcutta. Kazi ya kuunganisha simu za watu wengine. Hakudumu. Akatoka, akaenda Pune kujaribu bahati kwenye kampuni ya filamu ya Prabhat.

SHATI LA DOBI

Pale Pune ndipo maisha yalibadilika, na ilikuwa ni kwa sababu ya nguo chafu. Kulikuwa na dobi aliyewafulia vijana wa studio. Siku moja akachanganya mashati. Kijana mmoja mrembo anaitwa Dev Anand akakutana na mtu amevaa shati lake. Mtu mwenyewe ni Guru Dutt. Badala ya kushikana mashati, wakashikana urafiki. Wakawekeana ahadi: Dev akianzisha kampuni yake, atampa Guru Dutt muvi ya kudairekti. Guru Dutt naye akipata muvi ya kutengeneza, Dev ndiye staa.

Wangapi unawajua walisema hivyo wakiwa masoo, wakapata kidogo wakasahau? Dev hakusahau. Mwaka wa 1951 kampuni yake ya Navketan ikatoa Baazi, dairekta Guru Dutt, staa Dev Anand. Ikawaka.

Baazi ni thrila ya mji: kamari, klabu ya usiku, bosi ambaye hutaki kukosana naye. Cheki hii sasa. Kuna dem wa hiyo klabu anaitwa Leena. Anajua kuna mpango wa kummaliza jamaa anayempenda, lakini hawezi kumwambia wazi mbele ya watu. Kwa hivyo anaimba. Watu wote wanaona shoo, kumbe ni onyo. Wewe mtu wa Pwani hii huhitaji kuelezwa zaidi. Umekulia kwa harusi ambapo taarab inapigwa, mama mmoja anainuka kutunza, na nusu ya ukumbi inajua hilo fumbo limeelekezwa kwa nani. Guru Dutt alielewa hiyo kitu. Kwake wimbo haukuwa wa kupoteza muda muvi ikisimama. Wimbo ulisukuma stori mbele.

Sauti ya mwimbaji kwenye hiyo muvi ilikuwa ya Geeta Roy, ambaye tayari alikuwa jina kubwa. Walikutana wakati wa kurekodi, na 1953 wakafunga ndoa.

Hiyo Baazi pia ina stori ya Johnny Walker. Jina lake halisi ni Badruddin Kazi, kondakta wa basi Bombay. Alikuwa na zile mbwembwe za makanga unazozijua ukifika Mombasa. Mwigizaji Balraj Sahni, ndiye aliyeandika Baazi, akamwona akichekesha abiria, akamwambia aende ofisini kwa Guru Dutt ajifanye mlevi. Jamaa akaingia anayumba, anasumbua kila mtu. Guru Dutt alipogundua ni maigizo, akampa kazi na jina la wiski. Na huyo msee wa jina la wiski hakuwa mnywaji.

BAHARI, WARENO NA TAKSI

Mwaka wa 1952 akatoa Jaal, maana yake wavu. Stori iko Goa, kijiji cha wavuvi, na kuna jamaa mtamu wa maneno anayeingiza magendo ya dhahabu. Mtu wa Kizingitini au Matondoni ataelewa hiyo muvi bila tafsiri.

Iliyofuata ni Baaz, 1953, na hapo Guru Dutt mwenyewe akaingia mbele ya kamera kama staa. Ni muvi ya majahazi na mapanga, watu wa pwani ya Malabar wakipigana na Wareno karne ya 16. Hao Wareno ni wale wale. Walioubomoa mji wa Faza 1587 walikuwa chini ya wakubwa waliokaa Goa. Baaz haikufanya vizuri sokoni, lakini ni miongoni mwa zile zilizosafishwa, na ikifika kwetu itakuwa na watazamaji wenye kesi na hao Wareno.

Halafu 1954 ikaja Aar Paar, na hapa akaweka moto. Kalu ni dereva wa taksi aliyetoka jela. Mfungwa mwenzake amempa ujumbe apeleke kwa mtu anaitwa Captain. Kalu hajui kwamba Captain anapanga kuvunja benki na anatafuta dereva mwenye mkono mwepesi. Anataka tu kazi, na anampenda Nikki, binti wa mwenye gereji. Kila mlango anaobisha unamsogeza karibu na shimo.

Kitu cha maana hapo ni lugha. Dayalogi iliandikwa na Abrar Alvi. Muvi nyingi za wakati huo watu waliongea kama wako jukwaani, lugha imepigwa pasi. Alvi akaacha kila mtu aongee kama anavyoongea kwao: mtu wa gereji kama wa gereji, msee wa mtaa kama wa mtaa. Ni kama leo muvi ya Kenya iamue kwamba dereva wa matatu ataongea Sheng na nahodha wa jahazi ataongea Kiamu, bila kumnyoosha yeyote kwa Kiswahili cha mtihani. Ilipendwa sana.

Mwaka wa 1956 akatoa pesa kutengeneza C.I.D., mauaji ya mhariri wa gazeti na polisi anayefuata nyayo. Hakuidairekti mwenyewe, alimpa Raj Khosla aliyekuwa msaidizi wake. Akamleta pia sura mpya kwa muvi za Kihindi, Waheeda Rehman. C.I.D. ikapiga pesa.

TAA IKAFIFIA

Msee angeweza kuendelea na thrila hadi kesho na akaunti ijae. Badala yake akafuata moyo. Mwaka wa 1957 akatoa Pyaasa, stori ya mshairi ambaye hakuna anayemtaka hadi wote waamini amekufa. Akishakuwa marehemu, kila mtu anamtambua, kila mtu ni rafiki yake. Ilipendwa, na mwaka wa 2005 jarida la Time liliiweka kati ya muvi 100 bora za muda wote.

Kisha 1959, Kaagaz Ke Phool, maua ya karatasi. Ilikuwa muvi ya kwanza India kutumia CinemaScope, ile picha pana inayojaza ukuta. Mpiga picha wake, V.K. Murthy, alitumia vioo vikubwa kuuingiza mwanga wa jua ndani ya studio yenye giza, ukashuka kama nguzo. Stori ni ya dairekta anayepoteza familia, jina na kazi, mpaka anafia studio. Watu hawakuitaka. Iliangukia pua, pesa zikaenda.

Hapo akaacha kudairekti. Aliendelea kutengeneza na kuigiza: Chaudhvin Ka Chand ya 1960 ilileta pesa kweli kweli, na Sahib Bibi Aur Ghulam ya 1962 ilifika hadi tamasha la Berlin. Lakini sehemu ya dairekta iliandikwa jina la mtu mwingine. Hata thrila aliyoianza, Raaz, aliiacha katikati. Raj Khosla ndiye aliyekuja kuitoa hiyo stori kama Woh Kaun Thi? mwaka wa 1964.

Nyumbani nako hakukuwa sawa. Yeye na Geeta walitengana. Watu waliongea sana kuhusu sababu, na sisi hayo ya chumbani hatuingii. Alikunywa, hakulala, na alikuwa amejaribu kujiua mara mbili. Tarehe 10 Oktoba 1964 alipatikana amekufa kitandani Bombay. Ilikuwa ni pombe na dawa za usingizi. Wengine wanasema alikusudia. Mwanawe mmoja alishikilia kwamba ilikuwa ajali, kwamba babake alikuwa na miadi ya kazi siku iliyofuata. Geeta alimfuata 1972, akiwa na miaka 41.

Msomaji wangu, kama unajiona uko kwa hilo giza, tafuta mtu leo, si kesho: ndugu, rafiki, daktari. Guru Dutt alikuwa amezungukwa na watu na bado hakufikiwa.

KUOSHA MUVI SI FILTA

Unaweza kudhani kusafisha muvi ni kama kuweka filta kwa picha yako ya Shela. Hapana. Kila sekunde ya filamu ina picha 24. Muvi ya saa mbili ni picha 172,800. Mkanda wa zamani una mikwaruzo, vumbi, ukungu, sauti inakoroma. Unaskaniwa kipande kwa kipande, halafu mafundi wanakaa nao miezi wakifuta alama bila kufuta sura ya mtu.

Na hiyo ni kama mkanda upo. Mwaka wa 2003 moto ulizuka Pune, mji ule ule wa shati la dobi, ukateketeza mikanda mingi ya zamani iliyohifadhiwa hapo. Ikishaungua nakala ya mwisho, hata ukiwa na kompyuta ya bei gani, hakuna cha kusafisha. Kaagaz Ke Phool ilidharauliwa na watazamaji wa 1959, lakini mtu fulani hakuitupa. Hiyo tu. Leo wanafunzi wa filamu wanaisoma kama kitabu.

Kwa nini skrini kubwa? Kwa sababu huyu jamaa alipiga picha za karibu sana, uso mzima, macho yakiongea mdomo ukiwa kimya. Kwa simu ya inchi sita, hiyo ni sura ndogo na notifikesheni juu. Kwa ukuta, ni mtu mkubwa kuliko nyumba anakuangalia wewe. Na thrila inataka watu. Captain akiingia, unataka uskie pumzi za walio karibu nawe zimekatika pamoja na yako.

Hapa kwetu ukuta upo. Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela hadi 1984, leo ni ya makumbusho. Hebu fikiria kitambaa cheupe, projekta, wazee na viti vyao, mbogi za vijana pale Mkunguni, punda amefungwa pembeni, na Kalu wa Aar Paar anatoka jela mbele ya jela. Muvi iliyosafishwa haihitaji tena masanduku ya mikanda, inabebwa kwa kitu kinachoingia mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuomba kibali cha kuionyesha na cha kutumia uwanja.

Na wewe unayeshuti video zako Langoni au Faza kwa simu, ukapata watazamaji 40 na ukataka kufuta kila kitu: usifute. Weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa mtu unayemwamini. Watu wa siku hiyo si lazima wawe ndio watu wa mwisho kukuamulia.