Lanchester: Mhandisi aliyetangulia wakati wake kwa breki

WENYE magari ya zamani wapitao Butali, katika barabara kuu ya Kakamega kuelekea Webuye, wanaujua mtihani wa kukuta mbele yao, ghafla, trekta lililosheheni miwa. Hapo ndipo thamani ya breki hudhihirika. Ndiyo maana mwenye Peugeot 404 ya miaka ya mwanzo, yenye breki za drami kwenye magurudumu yote manne, humwendea fundi amtilie za diski, angaa magurudumu ya mbele. Wachache wanafahamu kwamba wazo hilo lina zaidi ya karne moja, na kwamba mwenyewe hakulifaidi.

Frederick Lanchester alizaliwa London mnamo Oktoba 23, 1868, babake akiwa msanifu majengo. Alisomea sayansi na uhandisi lakini hakuhitimu shahada. Aliajiriwa Birmingham katika kiwanda cha injini za gesi, na huko ndiko alikounda gari lake la kwanza, kati ya 1895 na 1896. Mwaka wa 1899, yeye na nduguze walianzisha kampuni ya magari.

Mnamo 1902 alipata hataza ya breki ya diski: sahani nyembamba ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, ikabanwa kingoni kwa pande zote mbili. Drami huufungia ndani moto unaotokana na msuguano, na dereva akishuka mlima mrefu, breki hulegea. Diski iko wazi, hivyo hewa huipoza.

Kilichomwangusha Lanchester ni vifaa vya enzi zake. Vibanio vyake vilikuwa vya shaba nyekundu. Vilipiga kelele za kukera na kulika upesi katika barabara za vumbi. Wenye magari wakaichagua drami, iliyokuwa nafuu na iliyofunikwa dhidi ya uchafu.

Nayo kampuni yake iliishiwa na fedha mwaka wa 1904, ikalazimika kuundwa upya. Lanchester aligeukia nadharia ya ndege, akaandika vitabu vilivyomletea heshima ya wanasayansi, lakini si mali. Uzeeni aliugua ugonjwa wa kutetemeka na kupoteza uwezo wa kuona. Alifariki Machi 8, 1946, akiwa fukara.

Miaka saba baadaye, mnamo 1953, Jaguar zilizofungwa breki za diski zilitwaa ushindi katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mnamo 1955, Citroën ilizitia katika gari la DS lililouzwa kwa umma. Leo hii ni nadra kupata gari jipya lisilokuwa nazo mbele.

Hivyo basi, fundi anapoing'oa drami kuukuu na kuweka diski mahali pake, analipa kwa niaba yetu sote deni ambalo mdai wake hakuishi kulipwa.