Mwenyeheri Anuarite: binti aliyeitika wito huku akiogopa

Msikilizaji wa nyimbo za kwaya redioni amelisikia jina hili mara nyingi. Kwaya ya Mwenyeheri Anuarite ya Makuburi, Dar es Salaam, imelifikisha hadi vijijini, na wapo wanaoziimba nyimbo zake bila kujua Anuarite mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa sista wa Kongo aliyeuawa mwaka 1964, akiwa bado hajatimiza miaka 25. Maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa kwetu, kwa sababu wapo vijana kuanzia Tumati hadi Dongobesh wanaosikia moyoni wito wa utawa au upadre, lakini wanaogopa kuusema.

Binti wa Wamba

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, nchi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Kabila lake lilikuwa Wabudu. Wazazi wake walimwita Nengapeta. Jina Anuarite lilikuwa la dada yake; sista aliyemwandikisha shuleni alikosea akaliandika kuwa lake, nalo likamkaa hadi leo. Mwaka 1943 alibatizwa na kupewa jina Alphonsine.

Nyumbani hapakuwa na raha. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alizaa mabinti sita bila mtoto wa kiume, na baba akamwacha akaoa mke mwingine. Wasomaji wetu wanajua maana yake: mama anabaki na watoto wa kike, na kila binti anayekua ni mkono wa kumsaidia shambani na jikoni.

Lori la kwenda Bafwabaka

Shuleni Anuarite alifundishwa na masista, akatamani kuishi kama wao. Alipomweleza mama yake, mama alikataa. Kukataa huko hakukutoka kwenye chuki dhidi ya Kanisa. Alimhitaji binti yake.

Siku moja lori lilifika misioni ya Wamba kuchukua wasichana waliokwenda kuanza malezi ya utawa Bafwabaka, kwenye nyumba ya shirika la masista wazalendo linaloitwa Jamaa Takatifu. Anuarite alipanda lori hilo bila mama yake kujua. Mama alipotambua alikokwenda, hakumfuata kumrudisha.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake za kwanza na kuitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake wote wawili walihudhuria, wakatoa mbuzi wawili kuonyesha kwamba wanamwonea fahari binti yao. Ila miaka kadhaa baadaye shida za nyumbani zilizidi, na mama akajaribu tena kumshawishi aache utawa arudi kusaidia familia. Anuarite alibaki.

Hapo ndipo penye hofu ya kwanza ya wito, nayo ni hofu ya kuwaacha watu wako katika shida. Hofu hiyo haikumtoka siku ya nadhiri, ilirudi mlangoni ikiwa na sura ya mama yake mzazi.

Kazi za kila siku

Miaka yake ya utawa haikuwa na makubwa. Alitunza sakristia, alipika, alifundisha shule ya msingi. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mwepesi wa kuguswa na mambo, ambaye neno kali lingeweza kumuumiza. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyeogopa kitu. Kila asubuhi aliendelea na kazi aliyopewa, na ujasiri wake ulikua humo.

Usiku wa Isiro

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na vurugu zikafuata. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki. Tarehe 29 Novemba mwaka huo walifika Bafwabaka kwa lori, wakawachukua masista wakisema wanawapeleka mahali salama. Waliahidiwa kwenda Wamba, lakini wakapelekwa Isiro.

Njiani walikutana na kanali wa waasi aliyeitwa Pierre Olombe, nao wakanyang'anywa rozari na alama nyingine za utawa. Walipofika Isiro, kanali mwingine, Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Anuarite alikataa, na mkuu wao wa shirika akamtetea. Jioni chakula kilipoletwa, hakuweza kula. Wenzake waliona wazi jinsi alivyojawa na wasiwasi. Hata hivyo aliwaonya wenzake wasinywe pombe, kwa kuwa wako katika hatari ya kifo, na akawaambia kwamba yeye yuko tayari kufa kuliko kuvunja nadhiri yake.

Usiku Olombe alimlazimisha yeye na sista mwenzake kuingia kwenye gari. Alipokwenda kuchukua ufunguo, Anuarite alijaribu kukimbia. Olombe aliwakamata na kuwapiga vibaya, hata mwenzake akavunjika mkono na kuzimia. Katikati ya kipigo Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui atendalo. Olombe akawaita askari wakamchoma kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri, na katika mahubiri yake akatamka msamaha kwa muuaji. Kanisa linamkumbuka kila tarehe 1 Desemba.

Kuogopa si kukosa wito

Simulizi za mashahidi mara nyingi huwafanya waonekane kama chuma. Anuarite hakuwa hivyo. Alishindwa kula, alijaribu kukimbia. Mtu asiyeogopa hakimbii. Kijana anayesubiri hofu imwishe kabisa ndipo aitike atasubiri hadi uzee. Anuarite aliogopa, na bado akaitika.

Hata hivyo hofu si za aina moja. Ipo hofu ya moyoni ya mtu anayelitazama jambo kubwa mbele yake. Ipo pia hofu anayotiwa mtu na wengine, kama binti anayesukumwa utawani na ndugu, au anayeingia kwa sababu ametishwa. Kuhusu hofu hii ya pili, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iko wazi: anayeingia unovisi kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa kudanganywa, kuingia kwake ni batili. Nadhiri nazo lazima ziwekwe kwa hiari.

Wapo wanaoogopa kwamba ukiingia hutoki. Sheria hiyo hiyo inawajibu. Hakuna anayepokelewa unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi wenyewe hauwi chini ya miezi 12. Baada yake huwekwa nadhiri za muda, kwa kawaida kwa miaka isiyopungua mitatu na isiyozidi sita. Muda huo ukiisha, mtawa anayeona njia si yake yuko huru kuondoka, na hakuna aibu. Miaka hiyo imewekwa ili mtu ajipime, na shirika nalo limpime.

Siku hizi hakuna haja ya kupanda lori kwa siri. Kijana anaweza kuanza kwa katekista wa kigango chake, kisha paroko, ambaye atamuunganisha na anayeshughulikia miito jimboni Mbulu au na shirika lenyewe. Mazungumzo na wazazi ndiyo magumu zaidi, hasa pale nyumbani panapotegemea mikono michache. Mzazi anayesita asionekane adui, maana mama wa Anuarite alisita mara mbili, naye ndiye aliyesimama kwenye nadhiri za binti yake siku ile ya Agosti, mbuzi wawili wakitolewa.