Lanchester wa Saltley na Mabawa ya Shakwe

Wenzangu mnaokaa Alum Rock kama mimi, barabara yetu mnaijua: maduka ya vitambaa, nyama halali, sambusa tele. Ukiteremka nayo kuelekea mjini unafika Saltley. Hapo ndipo alipokuja kuanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1880, kijana aliyetuachia maelezo ya kwa nini ndege iliyotuleta huku haikuanguka. Jina lake Frederick William Lanchester.

Alizaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868, baba yake msanifu majengo. Alisoma Southampton, kisha South Kensington, akaondoka bila digrii. Kazi aliipata kwenye kiwanda cha injini za gesi, Forward Gas Engine Company. Mkataba ulikuwa na kifungu kwamba chochote atakachobuni ni mali ya kampuni. Jamaa akakifuta kabla ya kutia saini! Mwaka 1889 akabuni kidhibiti cha mwendo wa injini, na kila kilipofungwa kimoja alilipwa shilingi kumi. (Ndugu zangu mnaosaini mikataba ya kazi za likizo bila kusoma, mpo?)

Mwaka 1892 alisafiri kwa meli kwenda Marekani. Wenzake sijui walikuwa wanafanya nini, yeye alikaa akitazama shakwe. Hawapigi mabawa, wameyatandaza tu, na bado wanapanda na upepo. Aliporudi akaanza kupima ndege na kuunda vielelezo vya kurusha.

Hapa wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na ya chini upande wa pili. Si kweli, hakuna kinachoilazimisha kukutana. Bawa, kwa mpindo wake na jinsi lilivyoinuliwa mbele kidogo, huipinda hewa na kuisukuma chini, nalo husukumwa juu. Hewa ya juu huenda kasi zaidi na presha yake hupungua, ya chini presha yake huwa kubwa. Lanchester aliuona mwendo huo kama mzunguko wa hewa kulizunguka bawa, uliochanganyika na upepo unaopita.

Kisha akajiuliza: bawa linapofika mwisho, je? Hewa ya chini yenye presha kubwa hupata mwanya, ikapanda juu kwa kuzunguka ncha. Basi kila ncha huacha nyuma yake kimbunga chembamba, na kukizungusha kimbunga hicho kunakula nguvu ya ndege. Kwa hiyo umbo lina maana kubwa. Ukiongeza eneo la bawa mara mbili kwa mwendo uleule, nguvu ya kunyanyua huongezeka kama mara mbili. Lakini eneo lilelile likiwa refu na jembamba hupoteza kidogo kuliko likiwa fupi na pana. Ndiyo maana shakwe ana mabawa marefu membamba. Kanga wetu yake ni mafupi mapana, yanafaa kuruka ghafla kichakani, lakini hafiki mbali. Tumbusi wa Serengeti naye ana mabawa mapana, ila manyoya ya nchani ameyaachanisha kama vidole, na hilo hupunguza hasara. Wale mliopanda ATR ya Precision Air kwenda Mwanza, likumbukeni lile bawa refu jembamba lililokaa juu ya madirisha.

Mwaka 1894 aliyazungumza mambo haya mbele ya chama cha elimu hapa hapa Birmingham. Mwaka 1897 akapeleka makala kwa Physical Society ya London, ikakataliwa. Wright na kaka yake walikuwa bado miaka sita waruke. Mimi nadhani lugha yake nayo ilichangia, maana alieleza kwa picha na maneno aliyoyatunga mwenyewe, na hesabu walizozizoea maprofesa hakuziweka za kutosha.

Huku nyuma tumbo lilitaka kula. Mwaka 1895 aliunda gari ambalo wengi huliita la kwanza la petroli la magurudumu manne la Kiingereza tupu. Kitabu chake Aerodynamics kilitoka 1907, kikatafsiriwa Kijerumani mwaka 1909. Huko Göttingen, Profesa Ludwig Prandtl aliipa nadharia ya bawa hesabu kamili, na wahandisi wakaitumia. Mwaka 1927, akihutubia London, Prandtl alikiri kwamba Lanchester alianza kabla yake na kupata peke yake sehemu muhimu ya matokeo, ila akakana kwamba yeye aliyachukua kwake. Waingereza wakaiita nadharia ya Lanchester na Prandtl. Vitabu vingi tunavyosomea leo vinamtaja Prandtl tu, na kwa kweli linaniudhi.

Heshima zilikuja zimechelewa: Royal Society ilimpokea 1922, nishani ya dhahabu ya wanaanga akapata 1926. Fedha hazikuja. Uzeeni alishikwa na Parkinson, macho yakafifia, na alipofariki Moseley tarehe 8 Machi 1946 mfukoni hakuwa na kitu cha maana. Coventry walianzisha chuo mwaka 1970 wakakiita Lanchester Polytechnic. Jina hilo lilifutwa 1987, ila maktaba mpya waliyoifungua mwaka 2000 wakampa yeye.