Paul Gerhardt, Mfariji Aliyefiwa

Tukiketi matangani pamoja na waliofiwa, twaona maneno yetu kuwa machache. Ndipo twamkumbuka Paul Gerhardt, mchungaji wa Kilutheri na mtunga nyimbo, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1607. Wazazi wake walikufa angali mtoto, na vita vya miaka 30 viliiharibu nchi yake. Kufikia mwaka 1653 nyimbo zake nyingi zilikuwa zimekwisha kuchapwa, zikawafariji wengi wenye huzuni.

Mwaka 1655 akaoa. Mungu akawapa watoto watano, nao wanne wakafa wangali wadogo. Mwaka 1666 akaachishwa kazi huko Berlin, kwa kuwa dhamiri yake ilimkataza kutia sahihi amri ya mtawala juu ya mabishano ya madhehebu. Mwaka 1668 mkewe naye akafariki. Akabaki na mwana mmoja, akaenda Lübben, akalichunga kanisa huko hata alipokufa mwaka 1676.

Basi, ndugu, aliyewatungia wengine faraja aliihitaji mwenyewe. Tusiwahimize waliao kunyamaza upesi, bali tukae nao na kuimba nao. Wimbo tumwimbiao jirani leo, huenda kesho ukawa wetu.