James Brindley, fundi aliyeandika kama alivyosema

Huko Staffordshire, Uingereza, mtu anaweza leo kuinama kando ya mfereji wa zamani, simu mkononi, akipapasa matofali ya kalvati, ule mdomo wa chini ambamo kijito hupita gizani huku mashua zikielea juu yake. Anacheza jiokashi, mchezo ulioanzia Marekani mwaka 2000. Mmoja huficha kikopo na kutangaza vipimo vya mahali kwa setilaiti. Mwingine hukitafuta, huandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, kisha hukirudisha.

Aliyebuni mifereji hiyo hakuwa mtu wa karatasi. James Brindley alizaliwa mwaka 1716 huko Tunstead, Derbyshire, na shule aliipata kidogo sana. Mwaka 1733 aliwekwa kwa fundi wa vinu vya maji karibu na Macclesfield. Mwaka 1742 akafungua karakana yake Leek. Kazi ya vinu ilimfundisha maji: yanavyosukuma, yanavyovuja, yanavyokataa kupanda kilima.

Mwaka 1759 Duke wa Bridgewater alimwita, kwa kuwa alitaka makaa ya mawe ya Worsley yafike Manchester. Brindley, pamoja na John Gilbert, msimamizi wa mali ya bwana huyo, walipitisha mfereji juu ya mto Irwell kwenye daraja la mawe pale Barton. Wajuzi walicheka. Tarehe 17 Julai 1761 mashua ilivuka, na bei ya makaa Manchester ikashuka karibu nusu.

Mfereji wa Trent na Mersey, wa kilomita 150 hivi, ulianza mwaka 1766. Brindley alipenda kuuzungusha mfereji ubavuni mwa kilima, usawa uleule. Lakini hapo vijito vyote vya mlimani vinaugonga. Ukivizuia, siku ya mvua kubwa vitabomoa ukingo. Ndiyo sababu ya kalvati. Sakafu ya mfereji ilizibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji.

Mahesabu alikaa nayo kichwani. Inasimuliwa kwamba jambo likimshinda alilala kitandani siku nzima au zaidi, akaamka na jibu. Daftari zake zipo, na tahajia yake hufuata sikio. Sisi wa kitivo cha lugha tungempa sifuri, halafu mwalimu wa fonetiki angeziomba daftari hizo kwa magoti: matamshi ya Derbyshire yamo humo.

Septemba 1772, akipima tawi la Caldon, alinyeshewa mvua. Tayari alikuwa na kisukari. Alifariki tarehe 27 huko Turnhurst, na handaki la Harecastle, refu zaidi ya kilomita mbili na nusu, halijatoboka. Shemeji yake Hugh Henshall alilimaliza mwaka 1777. Lilikuwa jembamba, bila njia ya farasi. Wapiga mashua walilala chali na kusukuma ukuta kwa miguu hadi upande wa pili.